Kitabu cha Nyuki Alichokichukua Mtani

Vijana wangu,

Barua yenu nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani. Mnasema mnafungua maktaba huko kwenu, na mnataka mzee mmoja aliyeifanya kazi hiyo awaeleze jinsi maktaba inavyoweza kuwaunganisha watu wa mji. Hodi yenu mmeipiga penyewe. Nilikuwapo Tabora watu walipounganishwa na chumba kimoja cha vitabu, tena nilikuwapo walipotawanyika, na aliyewatawanya ni mimi. Sikuwahi kuyaandika haya. Sasa nimezeeka na walio wengi wa kunisuta wameshatangulia, kwa hiyo nitayaandika kama yanavyokuja.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Chumba chenyewe kilikuwa ghala la nta na asali kabla hakijatiwa rafu, na harufu ya nta haikutoka ukutani hata baada ya kupakwa chokaa mara mbili. Siku za jua kali nyuki walikuwa wakiingia dirishani kutafuta asali iliyoondolewa miaka mingi nyuma. Wageni walikimbia. Wenyeji walifunika ukurasa kwa kiganja, wakangoja nyuki aondoke, wakaendelea kusoma.

Nianze na yale yenye faida, maana najua mtayahitaji. Kila mguu wa rafu uukalishe ndani ya kopo la mafuta ya taa, na makopo uyakague kila Jumatatu, kwani mchwa hana likizo. Gundi ya kubandika vitabu pika kwa unga wa muhogo na maji ya mwarobaini. Ule uchungu wa mwarobaini ndio unaowakataza mende. Mwezi wangu wa kwanza niliishiwa na muhogo nikatumia uji wangu wa asubuhi uliobaki, nao ulikuwa na sukari. Kesho yake nilikuta sisimizi wamejipanga kutoka mlangoni hadi rafu ya tatu, na kitabu cha hesabu cha shule ya kati kimebaki bila mgongo. Mji mzima ulinicheka. Kwa wiki nzima nilikuwa nikisalimiwa, "Habari ya asubuhi, umeshavipa vitabu chai?"

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Zakaria, mzee wa Kimoraviani aliyestaafu ualimu akapewa kuitunza maktaba hiyo kabla yangu. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa na kikohozi alichokitumia badala ya maneno. Nilipofika nilikuta amevirundika viti sita vizuri stoo, na katikati ya chumba ameweka benchi moja refu la mninga. Nikamwuliza kwa nini tusivitoe viti.

"Mtu akikaa kwenye kiti chake amekaa peke yake," alisema. "Kwenye benchi lazima amwambie mwenzake asogee. Akishamwambia asogee, wameanza kuzungumza."

Huo ndio ushauri wa kwanza, na kama hamna subira ya kuendelea kusoma, chukueni huo mwondoke nao. Benchi moja. Lisiwe na egemeo, watu wakichoka waegemeane.

Jambo la pili alilonifundisha lilihusu daftari. Daftari letu lilikuwa na safu za kitabu kilichopo, kilichoazimwa, kilicho matengenezoni na kilichopotea. Kulikuwa na mama mmoja wa Tura, mke wa mtu wa reli, aliyekaa na kitabu miezi miwili. Nikataka kumwandikia barua kali. Mwalimu Zakaria akaniuliza kama najua kwa nini hajakirudisha. Sikujua. Yeye alijua, kwa sababu aliuliza watu waliotoka huko kwa treni: mume alikuwa mgonjwa, haamki kitandani, na mke alikuwa akimsomea kurasa chache kila alasiri.

"Andika matengenezoni," akasema.

"Lakini hakiko matengenezoni, Mwalimu."

Akakohoa. Alinitazama kama unavyomtazama mbuzi aliyefikishwa kisimani akakataa maji. "Andika. Kitabu kikirudi utafuta. Mtu ukimfukuza, utamfutaje?"

Niliandika, lakini moyoni niliona ni uongo wa mzee aliyechoka. Nilikuwa kijana wa Lusu niliyesomeshwa na mapadre, na nilijivunia mwandiko wangu na ukweli wangu. Kumbukeni hilo mtakapofika mbele.

Jumamosi alasiri ndiyo ilikuwa siku yetu. Magazeti ya Kiswahili yalikuwa yameshashuka na treni, na wasiojua kusoma walikuja kusikiliza. Palikuwa na tangazo la KIMYA ukutani, amri ya ofisini. Jumamosi Mwalimu Zakaria aliligeuza likatazama ukuta, na alipoiacha maktaba nami nikawa naligeuza. Msomaji wetu aliitwa Kondo. Alikuwa Mzaramo, karani wa mizigo katika kampuni moja ambayo jina lake siliandiki, aliyehamishiwa Tabora akiwa hana mke wala ndugu wala mtu wa kijiji chake. Alisoma kwa sauti ya pwani, akiyavuta maneno, na habari ya bei ya karanga ikitoka kinywani mwake ulitamani isiishe. Bwana Nasoro, mwenye duka la nguo, wa ukoo wa Waomani waliokuwa mjini tangu siku za misafara, alileta birika la kahawa. Mwanzoni alikuwa akimtuma mtu na birika, yeye akibaki dukani. Halafu akaanza kulileta mwenyewe na kusimama mlangoni. Ilipita karibu miezi mitatu kabla hajamwambia mtu, "Sogea kidogo."

Na palikuwa na Mzee Nkwabi, mrina asali. Huyu alikuja mara ya kwanza kwa hasira, kudai kwamba harufu ya nta iliyo ukutani ni ya mizinga ya baba yake. Akakaa. Akamsikia Kondo akisoma. Jumamosi iliyofuata akarudi.

Ninyi mliokulia mijini sijui kama utani mnaujua kwa undani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita njia ya misafara na mizigo mpaka pwani. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kuchota chakula chako, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa.

"Mzee Nkwabi," Kondo alianza kabla hata ya kufungua gazeti, "babu yako alilala kwenye ua wetu siku tatu, akaondoka na mkeka. Mimi nimetumwa kuufuata."

"Mkeka ule ulikuwa na kunguni," Mzee Nkwabi akajibu. "Aliwahurumia, akaenda kuwazika. Ninyi mlimpimia maji ya kunywa kwa kifuu, tena kifuu chenye tundu!"

"Tulimwona ana kiu ya mwizi."

"Na wewe mjukuu wao umekuja mpaka Unyamwezi kuandika mizigo. Babu yangu angalau aliibeba!"

Benchi zima lilitikisika. Bwana Nasoro, ambaye babu zake ndio waliokuwa wenye misafara hiyo, alikuwa akicheka huku ameinamisha uso, na siku moja alisema, polepole, kwamba kwao habari hizo hawazisemi kabisa nyumbani. Hakuna aliyemjibu vibaya. Mzee Nkwabi alimwambia, "Basi njoo uzisikie hapa," akamsogelea, wakanywa kahawa. Mimi nimeona mikutano mikubwa yenye viti vya kukunja na hotuba, lakini jambo kama lile sijaliona tena.

Mama yake Bwana Nasoro alipougua, Mzee Nkwabi alipeleka asali. Mvua ilipobomoa nyumba ya Mzee Nkwabi, watu wa benchi walikwenda kukandika udongo, Bwana Nasoro naye akiwa amekunja kanzu. Na Kondo alipopata homa kali, alilala chumbani kwake siku tisa, na kila siku kulikuwa na mtu wa maktaba pembeni yake. Aliponyanyuka aliniambia, "Mtani, huku mimi sina ndugu ila hawa wa benchini." Alisema hivyo kwa sababu mimi nami ni Mnyamwezi, kwa hiyo nami nilikuwa mtani wake.

Mzee Nkwabi alijifunza kusoma kwenye benchi lile, na mwalimu wake alikuwa Kondo. Alijifunza kwa sababu moja tu: tulikuwa na kijitabu cha ufugaji wa nyuki, na alitaka kujua Wazungu wamesema nini juu ya nyuki. Alipoweza kukisoma mwenyewe alikasirika. "Aliyeandika hiki hajaumwa hata mara moja!" Akakiazima, akakirudisha, akakiazima tena. Alikuwa akikiwekea alama za mkaa pembeni palipokosewa. Nilimkataza. Akaniambia kitabu chenye makosa ndicho kilichokatazwa, si mkaa.

Kijitabu hicho kilikuwa nyumbani kwake siku alipofariki.

Tulimzika mchana, na padre alikuwapo. Mlioona mazishi yenye mtani mnajua kazi yake. Watu wakilia mno, mtani ndiye anayewarudisha. Kondo alijilaza kifudifudi njiani jeneza lilipokuwa likipita, akapiga kelele, "Msidanganyike! Huyu hajafa, anakwepa gazeti la Jumamosi!" Watu walicheka na machozi usoni. Padre aligeukia pembeni, na mabega yake yalikuwa yakicheza. Tuliporudi nyumbani, Kondo akaingia ndani, akatoka na kile kijitabu kwapani.

"Hiki ndicho urithi wangu," akatangaza. "Anayekitaka aje na jogoo. Na awe anawika, msiniletee kifaranga."

Mjane, Mama Shija, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, akainua kichwa. "Utampata siku ya kuondoa matanga, mwizi wa pwani we!" Na akacheka. Nilimwona kwa macho yangu akicheka, siku aliyomzika mumewe.

Ndivyo desturi ilivyo. Mtani akishachukua kitu msibani anakaa nacho, na wenye msiba wanakikomboa siku ya kuondoa matanga. Hapo wanakula, wanacheka, na msiba umekwisha. Kukirudisha kabla ni kuwadharau wafiwa, ni kama kuwaambia msiba wao si kitu. Nami nilikuwa nimekaa pale, nimeangua kicheko pamoja na wenzangu.

Matanga yalipangwa kuondolewa Jumamosi. Alhamisi akaja mkaguzi.

Alikuwa Mwingereza kijana, mpya, mpole, mwenye daftari safi. Sitaki mumchukie. Alikuja kuhesabu vitabu kwa sababu alitumwa kuhesabu vitabu. Nilikuwa nimesikia kwamba anatafuta msaidizi wa kumfanyia kazi katika ofisi kubwa zaidi, mtu ambaye daftari lake halina doa, na nafasi hiyo niliitaka. Niliitaka sana, vijana wangu. Nilikuwa nimeshaiona suti yangu ya kaki.

Jumatano jioni, jua lingali juu, nilikwenda kwa Kondo kumwomba kijitabu kwa siku moja tu.

"Mtani, una wazimu?" alisema. "Mama Shija ameshamfunga jogoo. Ngoja Jumamosi, uje ule na wewe."

"Kesho kuna ukaguzi."

"Mwambie mkaguzi aje ale naye."

Nilirudi nikiwa nimekasirika. Nilimkasirikia mtani wangu, jambo ambalo Mnyamwezi hatakiwi kulifanya. Nilifungua daftari. Safu ya matengenezo ilikuwa pale pale, na kalamu ilikuwa mkononi. Ningeandika neno moja, na siku ya Jumatatu ningelifuta. Badala yake niliandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba kijitabu kimechukuliwa na Kondo, karani wa mizigo, bila ruhusa.

Mkaguzi alisoma mstari huo mara mbili. Akaniuliza kama najua kilipo, nikasema ndiyo. Akauliza kama nilikiomba, nikasema ndiyo. Akauliza kama mtu huyo alikataa kukirudisha. Nikasema ndiyo. Nilijaribu kumweleza habari za utani, lakini Kiingereza changu kilifika kwenye neno mzaha kikakwama. "Mzaha?" akasema. "Wa kuchukua mali ya serikali kwenye nyumba ya maiti?" Ningeweza kumwita Mwalimu Zakaria, aliyekijua Kiingereza kuliko mimi na aliyekaa umbali wa kutupa jiwe. Sikumwita.

Ijumaa askari alikwenda kwa Kondo akakichukua kijitabu. Siku hiyo hiyo tukaitwa ofisini: mimi, Kondo, na bwana wake wa kazini. Kondo aliponiona alitabasamu, akanifanyia nafasi kwenye kiti cha mlangoni. Alidhani nimekuja kumwokoa. Alimwambia bwana wake, "Huyu ndiye mwenye vitabu. Ni mtani wangu, atawaeleza."

Mkaguzi akaniuliza swali moja tu. "Ulimpa ruhusa?"

"Hapana, Bwana."

Kondo alinitazama akingoja niendelee. Sikuendelea. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na mpaka leo kweli hiyo inanila usingizini na nikiwa macho. Tabasamu lake lilichukua muda kuondoka. Hakunitukana, ingawa angekuwa na haki zote mbili, ya mtani na ya mtu aliyeonewa. Mkaguzi alisema kitabu kimepatikana, hataki kumpeleka mtu mahakamani. Lakini bwana wa kazini alisema yeye hawezi kumwachia mizigo ya watu mtu anayechukua vitu kwenye nyumba za watu. Kondo alifukuzwa kabla ya saa kumi. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo alitakiwa kuondoka na treni ya kesho.

Treni ya Jumamosi iliondoka wakati wa kusoma gazeti. Sikwenda stesheni. Nilijifungia maktaba nikibandika migongo ya vitabu ambavyo havikuwa vimebanduka.

Nilisikia hodi, treni ikiwa haijaondoka bado. Alikuwa Mama Shija, amevaa kaniki ya msiba, na jogoo kwapani. Alisimama mbele ya meza yangu. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Katika umri wangu wote huyo ndiye mtu pekee aliyeikataa shikamoo yangu.

"Wageni wamekaa uani tangu saa sita," alisema. "Chakula kimepikwa. Wanasema mtani wetu umempeleka kwa askari."

"Mama, palikuwa na ukaguzi..."

"Jogoo huyu nimpe nani?"

Nilimwambia anipe mimi, nitampelekea Kondo stesheni nikikimbia. Akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniumiza.

"Wewe ni Mnyamwezi mwenzangu," alisema. "Mtani ndiye wa kuuondoa msiba wangu, wewe utauondoaje? Na kitabu chenyewe kiko wapi?"

Kijitabu kilikuwa kwenye rafu, mahali pake, kimefungwa kamba nyekundu ya ofisini. Nilikitoa nikamwekea mezani. Hakukigusa. Aliondoka na jogoo wake, na nikamsikia akimwambia jirani aliyekuwa akimngoja nje, "Haukuondolewa." Alimaanisha msiba. Alikaa na kaniki ile miaka, watu wakimshauri aivue, akisema matanga yake hayakuondolewa. Jogoo alizeeka uani kwake akafa mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata niligeuza tangazo la KIMYA, nikaweka gazeti kwenye benchi. Alikuja Bwana Nasoro, bila birika. Alisimama mlangoni kama zamani. "Shekhe wangu," aliniambia kwa adabu yake ile ile, "siku nikikosea jambo hapa ndani, utaliandika?" Akaaga, akaenda zake. Wengine hata kuaga hawakuja. Niliajiri msomaji mwingine, mwalimu mwenye sauti nzuri. Alisomea benchi tupu wiki tatu akaacha.

Mwalimu Zakaria alikuja mara moja tu, akiegemea fimbo. Alifungua daftari, akatafuta ule mstari, akausoma. Nilingoja akohoe. Hakukohoa.

"Mwalimu, ningesema uongo?"

"Mimi nilidanganya katika daftari hilo miaka kumi na moja," alisema, "na sikupoteza mtu." Akaliweka daftari mezani, akaniomba nimsaidie kushuka ngazi.

Kazi ile niliyoitaka niliipata. Barua ilisema katika maktaba yangu hakuna kitabu hata kimoja kilichopotea, na hiyo pia ilikuwa kweli. Vitabu vyote vilikuwapo, tena vizuri, kwa kuwa hapakuwa na wa kuvichafua. Baadaye chumba kilirudishwa kuwa ghala.

Mnaniuliza maktaba inaunganishaje watu. Nawajibu kwamba sijui kama ni maktaba inayowaunganisha. Watu huja kwa sababu zao: mmoja kwa harufu ya nta, mwingine kwa upweke, mwingine kwa kuwa duka lake limelala. Ninyi kazi yenu ni kutowaogopa mabwana kuliko mnavyowaogopea watu hao. Mimi niliishindwa, na nilikuwa na benchi zuri, mwalimu mzuri na gundi nzuri. Kwa hiyo msidhani vifaa vitawasaidia.

Miaka kadhaa baadaye, Mwingereza bado akitawala, nilitumwa Dar es Salaam kikazi. Treni ilipita Tura, ikapita Ugogo, ikashuka kuelekea pwani, na mimi dirishani nikipanga maneno. Nilipomaliza kazi niliuliza njia ya kijiji alichokuwa akikitaja Kondo, nikaenda kwa miguu karibu nusu siku. Nilimkuta dada yake akimenya muhogo na wenzake barazani. Nikauliza habari za Kondo. Visu vikasimama. Alikuwa amefariki masika iliyopita. Tangu arudi kutoka bara hakupata tena kazi ya kalamu, alilima muhogo tu. Dada yake akaniuliza natoka wapi.

"Tabora. Mimi ni Mnyamwezi."

Nyuso zao zikabadilika. "Mnyamwezi!" dada akaruka. "Mkeka wetu uko wapi?" Mmoja akaninyang'anya kofia. Mwingine akaniuliza nimebeba mzigo gani, na mbona mgongo umenyooka. Nilisimama pale na maneno yangu niliyoyapanga njia nzima.

"Nisikilizeni," nilisema. "Mimi ndiye niliyemfukuzisha kazi ndugu yenu. Nilimwandika mwizi, na hakuwa mwizi."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha kisu. "Huyu kiboko!" wakasema. "Kaja na lake!"

Nikarudia polepole. Niliwataja mkaguzi, daftari, askari, swali nililoulizwa na jibu nililotoa. Nilikuwa nalia, nao waliona ninalia, na hilo ndilo lililowamaliza kabisa, kwa sababu mtani hodari hulia hivyo hivyo. Dada yake Kondo alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akijifuta macho kwa bega.

"Ahsante, mtani," alisema. "Mungu akuweke. Siku tunamzika kaka hapakuwa na Mnyamwezi hata mmoja. Tulilia tu, hakuna wa kutuchekesha, mpaka tukachoka wenyewe."

Kisha akaleta maji ya kunawa, akaniambia nisogee mkekani. Nikanawa, nikala.